Umepewa kitengo cha ushauri na unasihi shuleni na hujui uanzie wapi? Soma hii

Juzi nimepata meseji ndefu ya mwalimu mmoja wa Moshi Vijijini, shule ya kata, karudi likizo akakuta jina lake limebandikwa ubao wa matangazo kwamba ndo mwalimu wa ushauri na unasihi, hajapelekwa semina, hajapewa chumba, kapewa daftari tu. "Shikamoo dada, mi nimesomea Jiografia, hawa watoto nikiwaita wanakaa kimya kama waliomwagiwa maji, nifanyeje?" Marahaba mdogo wangu. Nimeona nikujibu hapa hapa maana wa namna yako mko wengi, na najua nyie mnaonisoma wote mnataka hii kazi muifanye ipasavyo, wasiotaka wameshaniblock zamani.

Cha kwanza, na kwangu mimi ndo chenyewe, mengine mbwembwe tu: kabla mtoto hajafungua mdomo mwambie maneno yake yataishia wapi. Akishakaa, salamu zimeisha, mwambie hivi: "Utakayoniambia simwambii mwalimu wa darasa wala mama yako. Ila yapo ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu, ukiniambia unataka kujidhuru, au kuna mtu anakudhuru, au unataka kumdhuru mwenzio, hapo nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua kabla sijaenda kwa mtu yeyote." Useme kwa mdomo wako na kwa Kiswahili cha kawaida, usimpe fomu asaini. Na usije ukamuahidi mtoto siri ya asilimia mia, maana siku ikibidi uivunje hatakuamini tena, wewe na watu wazima wote kwa ujumla.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Nilikuwa kwenye shule moja ya bweni ya kulipia, siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Ndo nimetoka chuo nina moto wangu, nikapewa ofisi pembeni ya jiko. Akaletwa kijana wa kidato cha pili (mambo yanayomtambulisha nimeyabadilisha), analala darasani, hajibu, wameshamchapa, wameshamwita mzazi, kaja mjomba akamchapa tena mbele ya walimu. Sasa ananiangalia tu anachubua ule mpira wa kalamu. Mara ya kwanza hivyo hivyo, mara ya pili hivyo hivyo. Nikaona hapa kumkodolea macho hakusaidii, nikaenda jikoni nikaomba maharage ya jioni tuchambue, sinia katikati, macho yote kwenye maharage, yeye anatoa vijiwe anavipanga ukingoni kwa mstari kabisa. Tumekaa weee, mara akasema bila kuinua kichwa, "Madam, hivi mtu akikutuma kitu hukufanya, alafu akafa, unamwambia nani samahani?"

Baba yake alimtuma akakate majani ya ng'ombe, yeye kaenda mpirani, mzee akaenda mwenyewe akadondoka huko huko shambani. Moyo. Mzee alikuwa anaumwa siku nyingi na watu wazima wote pale nyumbani walijua, mtoto tu ndo hakuambiwa, kwahiyo mwaka mzima anatembea anajijua yeye ndo kamuua baba yake. Watoto wako hivyo, ukiwaficha sababu wanajitafutia, na mara nyingi wanajipa kesi wao wenyewe. Sikumpa mahubiri. Nilimuuliza baba alikuwa anatumia dawa gani, tukaanzia hapo.

Wiki ileile nikaitwa ofisini, mkuu anataka daftari langu, anataka kujua "huyo kijana kasema nini, maana ada inalipwa na mjomba na mjomba anauliza". Nikasema nitampa ninachoweza kumpa, kwamba mtoto ana msiba ambao haujaisha na asichapwe tena, basi. Wee! Nikaitwa kikaoni, nikaambiwa nawadekeza watoto, nafundisha ujeuri, hizi ni mambo za wazungu. Mkataba wangu ulipoisha hawakuuongeza na hakuna aliyeniambia hata asante. Inaniuma mpaka leo, siwezi kudanganya. Saa hizi nina chumba changu hapa Sakina, Arusha, wazazi wananiletea watoto kutoka Njiro mpaka Usa River, na mmoja wao alikuwemo kwenye kile kikao. Nimempokea vizuri tu, chai nimempa.

Na hiyo ya mambo za wazungu ngoja niijibu. Ndio, chuoni tulisomeshwa Carl Rogers, Mmarekani, mwaka 1957 aliandika kwamba mtu habadiliki kwasababu ya ufundi wa mshauri, anabadilika akikutana na mtu anayemkubali bila masharti, anayejitahidi kuona mambo kwa macho yake, na asiyemuigizia. Virginia Axline, aliyefanya kazi na Rogers, ndo akaonyesha miaka ya 1940 kwamba mtoto mdogo mchezo ndo lugha yake, muachie vitu achezee na umfuate yeye, usimvute. Sasa bibi yangu wa Kibosho alikuwa anakuita jikoni mmenye ndizi za machalari, hakuulizi kitu, mpaka sufuria inachemka umeshasema yote. Nani kamfundisha? Mzungu kaandika tu.

Ila umri uuangalie. Piaget, yule Mswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alionyesha kwamba mtoto wa chini ya miaka kama 11 hivi anafikiri kwa vitu anavyoviona na kuvishika, sasa wewe unamweka chini mtoto wa darasa la tatu unamuuliza "unajisikiaje kuhusu maisha yako" unategemea akujibu nini? Mwambie achore nani wanakaa nyumbani, nani analala wapi. Wa sekondari yeye yuko kwenye ile vita aliyoisema mwanasaikolojia Erikson ya kujua mimi ni nani, ukimsema mbele ya wenzake umemmaliza, hata kama ulikuwa unamsifia. Na msiseme ni utoto utapita, Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili inakuwa imeshaanza kabla mtu hajafika miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Miaka 14 ni huyo wa kidato cha kwanza au cha pili unayemwita mvivu.

Kwahiyo sikiliza. Nikikwambia sikiliza namaanisha funga mdomo, usimalizie sentensi yake, usimwambie "hata mimi nilipokuwa umri wako". Wazazi na nyie sikilizeni, mnalipa ada milioni ngapi sijui, Desemba mnapandisha wote nyumbani na gari mpya, mtoto yuko siti ya nyuma na simu kuanzia Dar mpaka Himo na hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya "umekuwa wa ngapi". Alafu akiharibikiwa mnamtafuta mchungaji. Mungu kakupa masikio mawili, yatumie.

Na akikuambia kuna mtu anamfanyia ubaya, hapo hakuna tena kusikiliza ukaishia hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki zake zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure. Usianze upelelezi wako, usimuite mtuhumiwa "myamalize", na mtoto asirudie stori kwa kila mwalimu anayepita.

Kuhusu chumba mdogo wangu, usiogope kuomba hata stoo, ilimradi mlango unafungika nusu na kuna dirisha watu wanaona ndani ila hawasikii. Viti viweke upande, msitazamane kama mahakamani. Daftari andika tarehe na hatua uliyochukua tu, stori ya mtoto isikae humo. Umeniambia mwishoni kwamba na nidhamu umepewa wewe, hiyo hapana, andika barua kwa mkuu achague moja, maana mtoto uliyemchapa asubuhi hawezi kuja kukulilia saa kumi. Na fimbo zilizoko kwenye hiyo kabati ziondoke leo, kabla hujamuita mtoto mwingine.