Milango ya trela ya kulalia: ninunue au niunde?

Ndugu yangu wa Kisumu, umeeleza kwamba unaunda trela ndogo ya kulalia, ile ya umbo la tone la maji, sakafu futi 4 kwa 8. Kuta umeshazichora, na sasa umekwama kwenye milango: uagize jozi iliyotengenezwa kiwandani ng'ambo, au uiunde mwenyewe? Mimi niko Nakuru, na trela yangu moja imeshavaa jozi tatu za milango. Nitakujibu kwa kirefu, maana ningependa usizirudie pesa nilizozitupa.

Jibu lenyewe ni hili: unda mlango, nunua raba ya kuzibia ukingo wake na kitasa. Na usiguse ukuta kwa msumeno kabla hivyo viwili havijawa mkononi mwako.

Jozi yangu ya kwanza niliitoa ukutani penyewe. Kuta ni plaiwudi ya milimita 18. Nilikata shimo kwa jigso, na kile kipande kilichotoka ndicho kikawa mlango. Njia hiyo haina ubaya. Marekani, ambako trela hizi zilianza kuundwa na watu majumbani miaka ya 1930, wengi bado wanafanya hivyo, kwa sababu unene wa meno ya msumeno wenyewe unakuachia nafasi ndogo pande zote. Nilikosea kwingine. Upande wa nje nilibandika bati jembamba la alumini, upande wa ndani nikapaka vanishi mkono mmoja tu. Hapa Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu kavu haikunionyesha kosa lolote. Tukateremka Kisumu, tukakaa siku nne karibu na Dunga, kila jioni mvua. Siku ya tatu kona ya juu upande wa kitasa ilikuwa imejitokeza nje kwa unene wa kidole, na wale wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa kwenye godoro.

Mlango haukupinda kwa sababu ya mbao mbaya. Upande wa nje ulikuwa umezibwa na alumini, hauwezi kunyonya chochote. Upande wa ndani ulikuwa unanyonya unyevu kupitia ile vanishi nyembamba, na mbao ikinyonya hutanuka. Upande mmoja unatanuka, mwingine umeshikiliwa, basi ubao hauna njia ila kujikunja. Kwa hivyo chochote unachoweka nje, weka kinacholingana nacho ndani. Kama nje ni rangi mikono mitatu, ndani iwe mikono mitatu ya rangi ileile. Wewe uliye kando ya ziwa lishike hili kuliko mimi.

Wakati wa kurudi, mvua ya Kericho ilinionyesha kosa la pili. Maji hayakupitia juu nilikokuwa nimejaza silikoni, yaliingilia chini. Yalishuka kwenye uso wa mlango, yakafika ukingo wa chini, yakageuka na kutambaa kuelekea ndani. Kizingiti nilikuwa nimekikata bapa, kwa hivyo yakatuama hapo. Ukingo wa plaiwudi ambao haujazibwa hunywa maji kama utambi. Kufikia Mau Summit matabaka ya chini yalikuwa yameanza kuachana.

Jozi ya pili niliinunua, lakini hapahapa mjini, kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Niliwapa vipimo, siku mbili baadaye nikabeba milango mizuri ya kupendeza. Siwalaumu, walitengeneza walichokijua. Ila alumini ile imekusudiwa nyumba iliyosimama. Kona zake hushikwa na skrubu na kipande kidogo cha pembe kilichofichwa ndani ya bomba, na kwenye nyumba hakuna kinachozitikisa. Trela haina utulivu huo, hasa trela nyepesi isiyo na springi za maana. Safari tatu za barabara ya mawe na kona zikaanza kufunguka, mlango ukalala upande, kitasa kikawa hakikutani tena na tundu lake. Ukitaka kupitia njia hiyo, mwombe fundi akuwekee bamba la pembetatu kwenye kila kona, lishikwe kwa ribiti, au kona zichomelewe kabisa. Na usikubali kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, kikivunjika kinakata.

Sasa zile za kiwandani. Rafiki yangu wa Njoro aliagiza jozi kutoka Marekani, na mimi ndiye niliyemsaidia kuzifunga. Ni milango mizuri, sitaki kuficha. Inchi 26 kwa 36, yaani sentimita 66 kwa 91 hivi, kona za mviringo, fremu ya alumini yenye mdomo unaolala juu ya ukuta kwa nje, na pete nyingine ya ndani inayobana ukuta kwa skrubu. Raba, kitasa chenye ufunguo, dirisha lenye wavu wa mbu, vyote vinakuja tayari. Lakini boksi hilo ni kubwa kuliko uzito wake, na wasafirishaji wa ndege hutoza kwa ukubwa wa mzigo pale ukubwa unapozidi uzito. Halafu VAT ya 16% hupigwa juu ya bei, usafiri na ushuru vikiwa vimejumlishwa, si juu ya bei ya mlango peke yake. Alipofunga hesabu, milango miwili ilikuwa imezidi fremu yake ya chuma, ekseli na magurudumu vikiwa pamoja.

Hata pesa zikiwepo, ile pete ya kubana ina kiwango cha unene wa ukuta inachokubali. Ya rafiki yangu ilitaka ukuta wa inchi 1 na nusu, wake ulikuwa milimita 18. Tukatumia siku nzima kuunda fremu ya mbao ya kunenepesha ukuta kuzunguka shimo. Pia milango hiyo ina mkono wa kushoto na wa kulia. Bawaba lazima ziwe upande wa mbele wa trela, ili kitasa kikifunguka barabarani upepo uufunge mlango badala ya kuung'oa. Ukisimama nje ubavu wa kushoto, mbele ya trela iko kushoto kwako, kwa hivyo bawaba zinakaa kushoto. Ubavu wa pili ni kinyume. Ukiagiza miwili inayofanana, mmoja utafunguka vibaya.

Na kuna vitundu vidogo kwenye ukingo wa chini wa fremu. Rafiki yangu aliviona akadhani ni kasoro, akaviziba kwa silikoni. Vitundu hivyo ndivyo njia ya kutolea maji yanayopenya raba ya nje. Mvua ya kwanza, maji yakajaa ndani ya fremu mpaka yakamwagikia kitandani. Tukavizibua kwa msumari, tatizo likaisha hapohapo.

Nikirudi kwa jozi yangu ya tatu, ambayo bado iko kwenye trela. Niliianzia dukani kwa raba. Kuna mama anayeuza vifaa vya bodi za matatu hapa mjini, nilimweleza ninachotaka, akanitolea aina nne na kuniambia, "Mwanangu, usichague kwa macho, ibonyeze." Nikachagua ile yenye mdomo wa kung'ata ukingo na puto laini ubavuni. Inauzwa kwa mita. Puto lake lina milimita 12, na mlango ukifungwa libaki kama milimita 7. Likibanwa kidogo tu vumbi linapita. Likibanwa sana mlango unahitaji kusukumwa kwa bega na raba inakufa mapema. Hapo ndipo nilipopata kipimo cha kina cha fremu, na kitasa kikafuata kipimo hicho. Kitasa ni kile cha kanopi za pikapu, cha kuzungusha, chenye ufunguo nje na mkono wa kufungulia ndani.

Mlango wenyewe nimeuunda kama sandwichi: plaiwudi ya milimita 6 nje, ya milimita 6 ndani, katikati fremu ya saiprasi iliyokauka vizuri niliyoinunua Elburgon, na mapengo yamejazwa polistirini, lile povu jeupe jepesi. Pande mbili sawa, gundi sawa, rangi sawa. Umepita misimu miwili ya mvua haujapinda. Plaiwudi nzima ya milimita 18 kwa ukubwa wa ule mlango wa rafiki yangu inakaribia kilo 6 na nusu, na uzito wote huo unaning'inia kwenye bawaba wakati trela inaruka mashimo. Ukiwa kwenye hadiwea watakupa ile plaiwudi nyeusi inayong'aa, ya kumwagia zege, wakikuambia ni marini, yaani ya kuundia mashua. Gundi yake inastahimili maji, ndiyo, lakini ni nzito na rangi haishiki kwenye uso ule. Iache.

Kabla ya kukata tengeneza kiolezo. Mimi nilikata umbo la mlango kwenye kipande cha plaiwudi chakavu, nikakipiga msasa mpaka kona zikawa sawa, kisha nikakitumia kuongozea rauta, ile mashine ya kuchonga mbao, kwenye kuta zote mbili na kwenye milango. Kona zifanye za mviringo, angalau nusu kipenyo cha sentimita 7, kwa sababu raba haikunjiki kwenye kona kali bila kufungua mdomo. Nafasi kati ya mlango na miimo acha milimita 4. Rangi itakula karibu milimita 1, na utashangaa jinsi inavyohitajika. Kama utatumia kipande cha ukuta wenyewe kama nilivyofanya mwanzo, kata upande wa bawaba peke yake, funga bawaba, ndipo ukate pande zilizobaki. Mlango utaning'inia mahali pake bila kuhangaika. Bawaba tafuta ile ndefu ya chuma kisichoshika kutu, urefu wote wa mlango.

Kwa maji, nilifanya mambo matatu, na haya nayaamini kuliko silikoni yoyote. Kizingiti kina mteremko wa kwenda nje, nyuzi 10 hivi. Chini ya mlango, karibu na uso wa nje, nimechimba mfereji mwembamba wa milimita 4 kwa urefu wote. Tone likitambaa linafika hapo linashindwa kuvuka, linadondoka. Juu ya mlango kuna ukanda wa alumini wa umbo la L unaopeleka maji ya paa pembeni. Zaidi ya hayo matatu, kingo zote za plaiwudi zimepakwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu, mara tatu kabla ya rangi, pamoja na ndani ya kila tundu la skrubu. Pale penye alumini juu ya mbao nimetumia gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, ambayo mafundi wa vioo wanayo.

Dirisha la mlango nilitaka kutoa kwenye matatu ya zamani. Kumbuka kioo hicho hakikatiki, ukijaribu kinamwagika chote. Ama uchore mlango kufuata kioo, ama utumie plastiki ya perspex kama nilivyofanya, na utoboe tundu pana kuliko skrubu, kwa kuwa plastiki hiyo hutanuka sana juani na ikikosa nafasi inapasuka.

Jina la Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, na vumbi ndilo lililonifundisha kupima mlango. Funga kipande cha karatasi kati ya mlango na raba kisha ukivute: kila mahali kiwe kigumu kuvuta kwa kiasi kimoja. Usiku washa taa ndani, zunguka nje ukitafuta mwanga unaopenya. Hata hivyo, trela ikienda hewa ya ndani huvutwa nje na vumbi huingia popote penye mwanya. Mimi hufungua kitundu cha hewa cha mbele chenye kichujio, hewa inasukuma kutoka ndani, vumbi linapungua sana.

Nakusihi jambo moja kuhusu usalama. Usifunge mlango wako kwa komeo na kufuli la nje peke yake. Mtu akilifunga mko ndani, hamtoki. Kila mlango ufunguke kutoka ndani, gizani, kwa mkono mmoja. Ukiamua kuweka mlango mmoja tu ili upunguze kazi, uwe upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Wamarekani wanaendesha kulia, hivyo trela zao za mlango mmoja hufunguka kulia. Kwetu huko ndiko malori yanakopita. Na ubavu wa pili basi uwe na dirisha la kutosha mtu mzima kupita. Mlango unaobana vizuri hivi unazuia na hewa pia, kwa hivyo weka tundu la hewa lisilofungika kabisa, na jiko libaki nje.

Milango miwili ya jozi yangu ya tatu ilinigharimu karibu shilingi 19,000, raba na vitasa vikiwemo, na wikendi tatu za kazi. Wikendi moja nzima ilikuwa ya kusubiri epoksi na rangi zikauke.

Nijibu unene wa ukuta wako na umbali kutoka gurudumu hadi mbele ya trela, nikuambie kama mlango wa sentimita 66 utatosha bila kugonga tairi. Kiolezo changu bado ninacho Lanet. Ukipita kuelekea Nairobi nijulishe siku moja mbele, nitakutolea ukibebe.