Faili la Macho: Usiniandikie "Haoni"

Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya, Pemba. Faili la mgonjwa wa macho likitoka kliniki linakuja mezani kwangu, nami natafuta msimbo unaolingana na alichoandika aliyempima katika ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa sikumwona, tochi sikuishika. Nilicho nacho ni maandishi yenu, wauguzi na matabibu wenzangu. Yakisema "mgonjwa haoni" kisha yakaishia hapo, sina pa kwenda ila H54.9, upungufu wa kuona ambao kiwango chake hakikutajwa. Na mtu huyo kesho anaweza kuhitaji barua ya shule, ya kutambuliwa ulemavu wake, au rufaa ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Wote watakaomsaidia watafungua faili lile lile na kukuta neno moja.

Shirika la Afya Duniani limegawa kuona kwa madaraja. Anayeona 6/18, yaani kwa mita 6 anasoma kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma kwa mita 18, au vizuri zaidi, ni daraja 0. Chini ya hapo mpaka 6/60 ni daraja la 1, upungufu wa wastani. Chini ya 6/60 mpaka 3/60 ni la 2, upungufu mkubwa. Upofu unaanzia chini ya 3/60: la 3 linafika 1/60, la 4 linashuka hadi kuona mwanga tu, la 5 ni asiyeona hata mwanga. Macho yote mawili yakiwa katika 3, 4 au 5, naandika H54.0. Jicho moja likiwa humo na la pili lina afadhali, ni H54.4. Ndiyo maana "jicho la kulia limeharibika", bila kusema la kushoto likoje, halinisaidii.

Tazameni mpaka wa upofu ulipo: 3/60. Na hapo hapo ndipo tunapokimbilia vidole. Mgonjwa akishindwa herufi kubwa ya juu kwa mita 6, chati inaachwa, mkono unainuliwa, faili linaandikwa "anahesabu vidole". Kwa umbali gani? Anayehesabu kwa mita 1 bado yumo daraja la 3. Asiyeweza hata hapo, ila anaona mkono ukipungwa, keshashuka la 4. Kabla ya vidole, msogezeni mgonjwa mpaka mita 3 mumuoneshe ile ile herufi ya juu. Akiisoma ni 3/60, na huyo kwa hesabu ya ICD si kipofu, ana upungufu mkubwa wa kuona. Akishindwa, mita 1. Halafu ndiyo vidole, mkono, tochi. Andikeni hatua ya mwisho aliyofaulu pamoja na umbali wake, jicho la kulia kwanza kisha la kushoto. Kulia kwa mgonjwa, si kulia kwako wewe uliyemkabili. Nimeshaona mafaili ambayo jicho bovu linahama kila ukurasa.

Tena msiwaamini sana bibi zetu wakisema, "Sioni kitu, mwanangu." Wengi wamesoma Kurani chuoni na wanaisoma vizuri, lakini herufi za chati hawazijui, na mbele ya kijana aliyevaa koti jeupe wanaona haya kulisema hilo. Chati ya E ipo kwa ajili yao. Bibi anaonesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi, basi.

Kuhusu miwani: apimwe na ile aliyokuja nayo, mwandike "na miwani". Kama hana, andikeni "bila miwani". Kisha mpimeni kupitia kitundu kidogo. Aliyekuwa 6/60 akifika 6/12 kwenye kitundu, sehemu kubwa ya shida yake inaweza kumalizwa na miwani, na sababu yake naitafuta kwenye H52, kasoro za kuona zinazorekebishwa kwa miwani. Bila maandishi hayo ya kitundu, karatasini anafanana kabisa na mwenye kovu la kioo cha jicho.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wenye presha ya macho (glakoma). Mtu anasoma 6/9 vizuri, anaandikwa "anaona", kumbe pembeni kote kumefunga na anajigonga kwenye milango. ICD inasema uwanda wa kuona wa jicho lililo bora ukiwa hauzidi nyuzi 10 kutoka katikati, mtu huyo ni daraja la 3, hata kama katikati anaona safi. Nyuzi hizo hazipimwi kwa kupunga vidole pembeni, zinataka mashine. Basi andikeni presha ya jicho mliyoipata, andikeni kwamba anajigonga, na mpelekeni penye mashine.

Msimbo wa H54 unasema mtu anaona kiasi gani, hausemi kwa nini. Sababu ina msimbo wake: mtoto wa jicho wa uzeeni ni H25, presha ya macho H40, kisukari cha aina ya pili kilichofika kwenye retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, E11.3 pamoja na H36.0. Mchuma karafuu aliyechomwa na tawi jichoni anaingia S05, na hapo niandikieni pia alichomwa na nini na alikuwa wapi. Nikiwa na H54 peke yake, mwenye mtoto wa jicho anayeweza kuona tena baada ya upasuaji anahesabiwa sawa na ambaye mshipa wa fahamu wa jicho umeshakufa.

Vijana wanaojifunza kazi hii kwa video za Marekani, tahadhari. Wao wana toleo lao. H54.1 yao ni jicho moja pofu na jingine lenye uoni hafifu, H54.1 ya Shirika la Afya Duniani ni upungufu mkubwa wa macho yote mawili. Pia wana H54.8 ya upofu wa kisheria, unaoanzia 20/200, ambayo kwa mita ni 6/60. Mtu huyo huyo kwetu ni daraja la 1. Ukinakili tu, umempofua.

La mwisho ni tarehe. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho apimwe tena na kipimo kipya kiandikwe, kila jicho peke yake. Kisipoandikwa, nitaendelea kukuta H54.0 ya mwaka juzi kwenye faili la mtu anayekwenda sokoni Chake bila kushikwa mkono. Kikiwepo na macho yamerudi 6/18 au zaidi, naiondoa, na inabaki Z96.1 ya lenzi aliyopandikizwa.