Soda ya Baridi na Nusu Inchi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ni duka gani limewahi kukuhudumia mpaka ukasimulia nyumbani, na kwa nini?" Majibu mliyokwisha kuchapa nimeyasoma. Wenzangu wametaja tabasamu, kiti, maji ya kunywa, kuitwa "bosi". La kwangu ni duka la silaha, hapa hapa Mwanza mjini. Sikununua kitu humo, na muuzaji hakutabasamu tangu tunaingia mpaka tunatoka.

Ila nikianza na hilo hamtanielewa. Lazima nianze na nyavu.

Mimi nakaa Igombe, nina mitumbwi miwili ya sangara. Kwetu mwaloni mwenye mtumbwi anaitwa tajiri, hata kama jana alikopa unga. Basi mimi ni tajiri wa namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2017 vikoba vilivunjwa, nikapata fungu langu, nikaongeza na akiba ya mabondo, vile vibofu vya sangara tunavyouza, nikapanda daladala kwenda mjini kununua nyavu pisi 30 za inchi 6.

Duka nililoingia lilikuwa linasifiwa mwalo mzima. Kijana wa mlangoni alinipokea mkoba: "Mwangaluka mayu!", yaani umeamkaje mama, kwa Kisukuma. Nikavutiwa kiti. Feni ikageuziwa upande wangu. Soda ikaja, ile ya baridi mpaka chupa inatoka jasho. Mwenye duka mwenyewe akatoka nyuma ya kaunta, akaniuliza habari za watoto, za ziwa, za upepo wa usiku ule. Aliuliza kila kitu, ila hakuuliza navulia wapi wala kina gani, na hakufungua robota hata moja. Na mimi sikumwambia afungue. Utamwambiaje mtu afungue robota akuonyeshe na soda yake iko mkononi mwako?

Ukutani palikuwa na karatasi mbili zimebandikwa. Ya juu: "Mteja ni Mfalme." Ya chini: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nilisoma ya juu.

Nyavu zilifika Igombe, vijana wakakaa nazo siku tatu chini ya mwembe wakifunga kamba, mawe ya chini na maboya ya juu, yale tunayokata kwenye ndala zilizokwisha. Zikaingia ziwani. Kuvua, zilivua. Mwaka ulipogeuka, ndiyo ile 2018 ya Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, na mnakumbuka ziwa lilivyokuwa.

Watu wa operesheni walipofika kwangu walikuwa na rula. Kwa asiyejua: jicho la wavu halipimwi likiwa limelegea. Unashika fundo la huku na fundo la kule, unavuta mpaka nyuzi zinalala pamoja, ndipo unaweka rula. Inchi 6 ni sentimita 15 na robo hivi. Jicho langu la kwanza lilisoma 14. Wakapima la pili, la tano, wakahamia pisi nyingine, wakachomoa za chini kabisa. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na tatu na nusu. Kila pisi ilikuwa bado na lebo yake ya kiwandani, na lebo ilisema 6.

Nusu inchi ni upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Angalieni ukucha wenu. Ndio uliochoma pisi zangu 30.

Waliopima sina ugomvi nao. Sangara wa halali wakati ule alikuwa wa kuanzia sentimita 50 hadi 85, na jicho dogo linakamata watoto ambao hawajazaa hata mara moja. Hilo nalijua tangu nikiwa msichana na nimelisema mimi mwenyewe kwenye vikao vya BMU, kikundi chetu cha kulinda uvuvi mwaloni. Sasa nikawa nimesimama mbele ya BMU hiyo hiyo, nyavu zangu zinatoa moshi, nasema "nilidhani ni inchi 6." Mtu mzima anasema "nilidhani".

Nikarudi dukani. Mnajua nini kilitokea? Kiti. Feni. Soda.

Mwenye duka alisikitika sana, na nadhani kweli alisikitika. Akasema lebo zinatoka kiwandani, yeye habandiki. Akasema nailoni ikilowa inasinyaa. Akasema "mayu, na wewe ungepima." Nikatoa risiti. Risiti ilikuwa halali kabisa, ya mashine, kodi imekatwa, na mahali pa bidhaa pameandikwa: "Vifaa vya uvuvi – 1." Pisi thelathini, inchi, macho ya kina, vyote vilikuwa kitu kimoja kinachoitwa vifaa vya uvuvi. Kijana wangu anayesoma aliniambia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, kwa hiyo niende nikashitaki. Nikashitaki na nini? Karatasi yangu haisemi inchi, na nyavu zenyewe ni majivu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni mwaka 2019 mjomba aliponipigia kutoka Sengerema kwamba anakuja mjini kununua risasi, macho yake hayasomi vizuri, nimsindikize. Mjomba ana shotgani ya miaka mingi, kaipatia leseni kwa ajili ya kulinda shamba. Nilimpokea kwenye kivuko cha Kamanga, kofia kichwani, leseni imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na mfuko umefungwa kwenye leso.

Mlango wa lile duka ulikuwa wa vyuma, unafunguliwa kutoka ndani. Kiti cha mteja hakuna. Hilo ni kosa, naliandika hapa kama kosa, maana mjomba ana miaka zaidi ya 70 na alisimama karibu saa nzima. Muuzaji alikuwa bwana wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Mjomba akaanza salamu za Kisukuma, zile ndefu. Yule bwana akaitikia zote, mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono:

"Leseni, mzee wangu."

Akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mahari. Jina. Namba ya bunduki. Akatafuta kama silaha ilipita kwenye uhakiki wa mwaka 2016, ule wa nchi nzima. Kisha maswali. Bunduki iko wapi sasa hivi tunavyoongea? Imefungiwa kwenye nini? Ufunguo anao nani? Mwingine nani anajua ufunguo ulipo? Mjomba akaanza kuvimba. Aliniambia kwa kilugha, si kwa sauti ndogo, kwamba huyu anamhoji kama mwizi wa ng'ombe.

"Na risasi ni za kazi gani, mzee?"

"Za viboko," mjomba akasema. "Wananimalizia mpunga."

Yule bwana akavua miwani. "Kiboko yupi?"

"Kiboko wa ziwani. Kuna mwingine?"

"Mzee wangu, kiboko si wako. Ni mali ya serikali, kama tembo. Toa taarifa kijijini, waitwe watu wa wanyamapori, hiyo ndiyo kazi yao. Na gololi hizi hazimuui, zinamuudhi. Ukimjeruhi usiku, asubuhi atakayekutana naye pale majini siye wewe. Ni mtoto aliyetumwa ndoo."

Pakawa kimya. Mjomba ana wajukuu saba wanaochota maji pale pale.

"Kulinda shamba na nyani na nguruwe, kama leseni inavyosema, nitakuuzia," yule bwana akasema. "Kwa kiboko, siuzi."

Wakati mjomba anatafakari, akaingia mteja mwingine, kijana wa koti, simu mbili mkononi. Huyo alikuja na karatasi za kibali cha kununua. Nazo zikasomwa vile vile, na koti halikumpunguzia hata swali moja. Alipotaka kuona shotgani ya mitutu miwili, yule bwana aliitoa kabatini, akaivunja katikati, akachungulia mitutu, akaingiza kidole kuhakikisha, akamgeuzia na mteja achungulie. Ndipo akamkabidhi, bado imevunjwa. Kijana akaifunga, akainua begani, akalenga kalenda ya ukutani yenye picha ya mtoto anacheka. Yule bwana hakupiga kelele. Alinyoosha vidole viwili, akauteremsha mtutu taratibu mpaka ukaangalia sakafu, kama mtu anayemshusha jogoo kwenye kiti.

"Hapa hatumwelekezei mtu," akasema. "Hata wa picha."

Kijana akacheka kidogo. Yule bwana hakucheka.

Kisha akaturudia. Risasi za mjomba zilihesabiwa juu ya kaunta moja moja, zikasimamishwa kwa mstari kama askari. Akahesabu yeye. Akamwambia mjomba ahesabu. Akaniambia na mimi, "mama, hesabu na wewe." Idadi ikaandikwa kwenye daftari lake, ikaandikwa kwenye karatasi za mjomba, mjomba akatia saini. Risiti niliichukua mkononi na kuisoma pale pale, kwa sababu mnazojua. Aina, ukubwa, idadi, namba ya leseni. Kila kitu kwa jina lake. Machozi yalinilengalenga, Mhariri, kwa risiti.

Najua mtakachosema: huyo alibanwa na sheria. Ni kweli. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni yenyewe huipati kabla hujatimiza miaka 25, tena maombi yanaanzia kwa viongozi wa pale unapoishi ndipo yapande hadi polisi. Muuza silaha akikosea, duka linafungwa. Lakini nimewaona watu wengi wanaobanwa na sheria wakafanya lile linalotosha kuwaponya wao. Sheria haikumwambia amweleze mjomba kuhusu mtoto wa ndoo. Wala haikumtuma aitikie salamu zote za Kisukuma mpaka mwisho. Alikuwa anafikiria risasi ile itakwenda kufanya nini ikishatoka mlangoni kwake, na hapo ndipo yule wa soda alipokosea. Kwake yeye nyavu zilikuwa zimemaliza safari pale nilipolipa.

Na nyavu si kalamu. Ukiuziwa kalamu mbovu unatupa. Ukiuziwa wavu wa inchi 5 na nusu, unaingia ziwani ukiwa mhalifu na hujui.

Mjomba, niwe mkweli, hakuridhika. Kwenye kivuko alilalamika kutoka tunang'oa nanga mpaka katikati ya maji. (Nilivuka naye, sikutaka aende peke yake na mzigo ule.) Kwamba hakupewa kiti, kwamba hakupewa hata maji, kwamba kaulizwa ufunguo wa nyumba yake na mtu asiyemjua. Mpaka leo ukimtajia duka lile anasema "kwa yule askari". Lakini taarifa ya viboko aliipeleka kijijini wiki ile ile, na watu wa wanyamapori walikuja. Mpunga uliliwa hivyo hivyo mwaka ule, sitawadanganya, ila hakuna aliyeumia.

Sasa nyavu nanunua duka dogo, anauza binti ambaye sijui nani alimwambia afanye kazi ya kuhudumia watu. Anatafuna bigijii, anaongea na simu, anakujibu kwa kidevu. Mara ya kwanza nilikaribia kutoka. Akashika simu kwa bega, akaniuliza: "Mnatega wapi, mama? Kina gani?" Nikamwambia. Akavuta kutoka chini ya kaunta kipande cha mbao chenye misumari miwili, katikati yake inchi 6 kamili. Akapasua robota, akachomoa jicho la katikati, siyo la juu, akalipachika kwenye msumari mmoja, akalivuta. Likafika msumari wa pili na kuzidi kidogo. Akachomoa jingine. "Na wewe vuta," akasema, na kurudi kwenye simu yake. Timba, zile nyavu haramu za uzi mmoja wa plastiki, hauzi, kuna mtu aliulizia nikiwepo, akaambiwa "hapana" kabla hajamaliza neno. Kwenye risiti anaandika: nyavu, inchi 6, kina macho 26, pisi ngapi. Mwandiko mbaya, lakini umo.

Ile mbao niliiiga. Ninayo kwenye mkoba, fundi wa Kirumba alinichongea, misumari imekunjwa isinichome.

Na lile duka la kwanza bado lipo, na sijaacha kulipita, maana kamba zao ni nzuri na kamba haina inchi ya kudanganya. Kijana wa mlangoni siku hizi ana ndevu. Akiniona kwa mbali anapiga kelele "Mwangaluka mayu!", kiti kinavutwa, feni inageuzwa. Soda nakunywa. Kisha nanunua mafundo mawili ya kamba, naaga, navuka barabara kwenda kwa binti wa bigijii.

Msomaji wenu,
Igombe, Mwanza