Waya upime saa nane mchana

Wiki iliyopita kijana niliyemlea katika kazi hii alinipigia simu akiwa Kurasini. Amekabidhiwa mzigo wake wa kwanza mkubwa, auongoze kutoka bandarini mpaka Zambia, akataka nimpe neno moja la kuondoka nalo. Nikamwambia: waya upime saa nane mchana. Akacheka kidogo, akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo, ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya, kwa ajili yake na kwa yeyote atakayepewa karatasi za mzigo wa namna hiyo.

Mzigo ulionifundisha ulikuwa transfoma ya mgodi mmoja upande wa Solwezi, kaskazini-magharibi mwa Zambia. Bila mafuta ndani ilikuwa na tani 98. Tuliipakia kwenye tela la haidroliki lenye safu 12 za ekseli. Kutoka kwenye lami hadi juu kabisa ilikuwa meta 5.2, na upana wake meta 4.1. Lori la kawaida kwenye barabara zetu halitakiwi kuvuka tani 56 pamoja na mzigo wake. Sisi, ukijumlisha kichwa, tela na transfoma, tulikuwa karibu mara tatu ya hapo.

Kwa hiyo unatembea kwa kibali. Tanzania unakipata kwa wakala wa barabara, TANROADS, Zambia unakipata kwa wakala wa barabara wa kule, RDA, na kila kibali kinataja vipimo, njia na tarehe zake. Hapo nina jambo moja tu la kusisitiza: kipimo unachokiandika kwenye maombi kitoke kwenye mzigo uliokwisha kukaa juu ya tela, na mbao zake za kulalia zikiwa chini. Usikitoe kwenye mchoro wa kiwandani. Mbao zile zina unene, na sentimeta nane ulizozisahau zinaweza kukulaza mpakani wiki nzima.

Sasa twende kwenye waya.

Kabla ya safari tulikagua njia kwa pikapu, mimi na mwenzangu mmoja, kutoka Dar mpaka getini kwa mgodi: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Uyole, Tunduma, ukivuka, Nakonde, Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, halafu Ndola, Kitwe, Chingola hadi Solwezi. Kila waya wa umeme unaokatiza barabara tuliupima kwa fimbo ya faiba yenye alama za senti, tukaandika kwenye daftari. Waya mmoja, mbele kidogo ya Isoka, tuliupima alfajiri ya mwezi wa Juni, tumevaa majaketi, pumzi zinatoka kama moshi. Ulikuwa meta 5.55. Nikaandika "unapita", nikapiga mstari.

Tulirudi pale na mzigo mwishoni mwa Septemba, saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Gari la mbele hubeba mlingoti wa faiba uliopandishwa senti kumi juu ya kimo cha mzigo, ili mlingoti uguse kwanza kabla mzigo haujafika. Nilikuwa kwenye gari lile. Nikasikia "tak" juu ya kichwa changu, sauti ndogo tu, kama mtu amegonga dirisha kwa kucha. Dereva wangu akashika redio ya upepo akasema "simama" mara tatu. Mara tatu ndiyo tuliyokubaliana, kwa sababu neno moja hupotea kwenye mkwaruzo.

Waya haukuwa umeguswa na mtu tangu Juni. Ulikuwa umelegea kwa joto. Chuma na alumini hurefuka vikipata moto, na waya uliotandazwa kati ya nguzo mbili ukirefuka kidogo tu, tumbo lake linashuka sana. Nilichopima asubuhi ya baridi hakikuwa kile nilichokikuta mchana wa jua. Tangu siku hiyo waya wenye nafasi ndogo naupima saa nane mchana, na daftari langu lina safu ya saa na safu ya hali ya hewa.

Kilichofuata kinaniuma mpaka leo. Kabla sijashuka kwenye gari, utingo wetu alikwisha kukwea ngazi ya transfoma na fito kavu mkononi, anakwenda kuuinua waya. Alikuwa kijana mchapakazi, anataka kusaidia, amewahi kuona wengine wakifanya hivyo. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Akashuka.

Sikiliza, ndugu yangu: fito kavu si kinga. Umeme mkubwa hausubiri uuguse, unaruka kukufuata. Hakuna mtu wa msafara anayepanda juu ya mzigo chini ya waya, awe ana glovu, awe ana fito, awe amehakikishiwa na mwanakijiji kwamba laini hiyo imekufa. Wanaoinua waya ni mafundi wa shirika la umeme la nchi husika, wakishauzima wenyewe. Ukichelewa siku, umechelewa siku.

Tulichelewa siku. Tulilaza mzigo pembeni, tukaweka koni na taa. Nakonde Kiswahili kinakutosha, lakini ukiingia ndani unahitaji Kibemba, walau salamu. Mzee mmoja alikuja na kiti chake kututazama; nilipomwambia "mulishani mukwai" akajibu kwa furaha, na kwa msaada wa dereva wetu Mzambia akatueleza kwamba mbele kidogo kuna kalvati iliyobonyea upande mmoja tangu mvua zilizopita. Kwenye daftari langu haikuwemo. Mafundi walifika asubuhi, wakazima, wakainua, tukapita kwa dakika nne.

Milima watu huiogopa kuliko waya, na Kitonga inastahili kuogopwa. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa unaipanda, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba huku na korongo kule. Tuliweka kichwa kimoja mbele kinavuta na kingine nyuma kinasukuma. Dereva wa nyuma haoni barabara, anaona mgongo wa transfoma tu. Hatari yake iko kwenye kona: akiendelea kusukuma wakati wa mbele amekwisha kukata usukani, tela linajikunja. Kwa hiyo wa mbele ndiye anayeimba, "sukuma", "legeza", "legeza", na wa nyuma anarudia kila neno kabla ya kulitii. Wawili hao wakae pamoja siku kadhaa kabla ya mlima, wale pamoja, wazoeane sauti. Usiwakutanishe pale chini asubuhi hiyo hiyo.

Madarajani sina mengi. Gari liwe peke yake juu ya daraja, katikati kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, hakuna kubadili gia, hakuna breki. Ukienda pembeni, uzito wote unaubebesha upande mmoja. Ukifunga breki, unalisukuma daraja kwa mbele. Pale Ruvu nilitembea kwa miguu mbele ya gari mwanzo hadi mwisho, dereva akinifuata mimi na si mstari wa barabara.

Mzigo wenyewe nao una hali yake. Transfoma husafirishwa bila mafuta, tangi limejazwa hewa kavu au naitrojeni yenye shinikizo kubwa kidogo kuliko hewa ya nje, ili unyevu usipenye kwenye karatasi za ndani zinazozuia umeme. Pembeni kuna geji ndogo ya shinikizo, kama saa ya ukutani. Alfajiri moja Mafinga kijana wa zamu alinigongea mlango akitetemeka: mshale umeshuka, tangi linavuja. Haikuvuja. Jioni chuma kilikuwa kimeota jua kutwa, usiku Mafinga imekipoza, na hewa iliyofungiwa ikipoa shinikizo hushuka. Kutoka Dar kupanda nyanda za juu mshale ulikuwa umepanda wenyewe, kwa sababu hewa ya nje kule juu ni nyepesi. Geji isomwe pamoja na joto, saa ileile kila siku, na namba zote mbili ziandikwe. Usipofanya hivyo, siku itakapovuja kweli hutajua.

Na watu. Tunatembea mchana tu, na tunaziba barabara ambayo ndiyo pekee kwa mabasi, magari ya wagonjwa, mama mwenye nyanya zinazooza. Kila penye uwazi wa kutosha toka pembeni, acha foleni ipite yote, hata kama ratiba inakusuta. Askari wanaosindikiza uwape chakula kilekile mnachokula nyinyi na uwaambie mpango wa kesho usiku huu, si asubuhi. Bodaboda atajaribu kupenya ubavuni mwa tela. Gari la nyuma lisimpe nafasi, maana dereva wa kichwa hamwoni.

Tulifika mgodini siku ya 31. Mhandisi wao hakusalimia sana, alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku kinachorekodi mitikisiko, kilichofungwa kwa boliti kwenye mwili wa transfoma. Akachomeka kompyuta, tukasimama nyuma yake wote, utingo yule akiwa karibu yangu kabisa. Mstari ulikuwa tambarare tangu Kurasini, na kijinundu kimoja cha matuta ya Makambako, chini ya kiwango. Mhandisi akageuka, akatupa mkono mmoja mmoja. Utingo akaomba apigwe picha na geji.