Keki na biskuti zenye protini: piga hesabu ya kipande

Wengi wetu huku pwani tunafungua siku kwa chai na kitafunwa, na jioni tunarudia. Andazi, kipande cha mkate wa mayai, biskuti mbili tatu. Kwa mtu mzima mwenye afya, ambaye mchana atakula samaki na maharage, hilo halina neno. Lakini kwa mtoto anayetoka alfajiri na kurudi alasiri, au kwa mzee aliyepungua hamu ya kula, kitafunwa ndicho chakula chenyewe. Mama mkwe wangu alifika hapo. Ugali aliumega mara mbili akasukuma sahani, ila chai na kipande cha keki hakukataa hata siku moja. Nikaona basi, kama keki ndiyo inayopita, keki ibebe mzigo.

Tangu hapo nimeoka sana kwa nia hiyo, kwake na kwa watoto, na jambo ninalotaka ulishike kabla hujanunua chochote ni hili: hesabu inayofaa ni ya kipande kimoja kinachowekwa kwenye sahani. Keki ikiitwa ya protini kwa sababu imetiwa karanga juu, hujui kitu bado. Chukua kalamu.

Anza na keki unayoioka sasa. Tuseme vikombe vitatu vya unga wa ngano, karibu gramu 375, mayai manne, kikombe cha maziwa, robo kilo ya siagi na kikombe kimoja na nusu cha sukari. Unga mweupe una protini kama gramu 10 katika kila gramu 100, kwa hiyo hapo pana 38 hivi. Yai moja lina gramu 6, manne yanatoa 24. Maziwa yanaongeza 8. Jumla ni 70, na ukikata vipande 12, kila kipande kinapata karibu gramu 6. Si haba, na watu hushangaa nikiwaonyesha. Sasa geukia sukari: kikombe kimoja na nusu ni gramu 300, yaani 25 kwa kipande. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Kipande kimoja kimeimaliza yote, na chai ya kuteremshia bado haijatiwa sukari.

Kwa hiyo kazi ni mbili, kupandisha protini na kushusha sukari, na kwa maoni yangu ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Ninaona watu wakihangaika kutafuta unga wa protini wa makopo, ule wa wanaonyanyua vyuma, wakati sukari kwenye bakuli iko palepale. Unga ule si mbaya, ila ni ghali, na ukizidisha keki inakuwa kavu hadi inakwama kooni. Kama unao tayari nyumbani, badilisha nao sehemu ndogo tu ya unga, isipite robo, na uongeze maziwa. Kama huna, usiufuate. Sokoni kuna vitu bora kwa kazi hii.

Cha kwanza kwangu ni unga wa dengu, ule wa bajia. Una protini kama gramu 22 katika kila 100, zaidi ya mara mbili ya ngano. Tena vinafaana: ngano ina upungufu wa lisini, moja ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na jamii ya kunde inayo tele. Ukivichanganya, protini ya mchanganyiko inakuwa bora kuliko ya kila kimoja peke yake. Wala si jambo geni katika mapishi yetu. Nankatai, zile biskuti za samli na iliki zinazovunjikia mdomoni, wapo wanaozitia unga wa dengu tangu zamani.

Dengu ina tabia zake, na ukizijua mapema utafurahi. Haina ule mnato wa ngano unaoshikilia keki, kwa hiyo ukiitia nyingi keki inamomonyoka kisu kikigusa. Mimi hutumia mafungu mawili ya ngano kwa fungu moja la dengu. Tena ina harufu ya kunde mbichi, na watoto huinusa upesi. Dawa yake ni kuukaanga unga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza kwa mwiko bila kuuacha. Mwanzoni unanukia kama majani mabichi. Dakika chache baadaye harufu inageuka, inakaribia ya karanga za kuchoma, na rangi inakolea kidogo tu, toka manjano ya kupauka hadi manjano ya samli. Hapo epua na umimine kwenye sinia upoe, kwani ukibaki kwenye kikaango cha moto utaendelea kuungua. Ukishapoa uchekeche, maana hushikana vidonge. Na rojo lenye unga wa dengu usilionje likiwa bichi, kwa kuwa litakukatisha tamaa bure. Ladha ya kunde mbichi huondoka keki ikiokwa.

Hii ndiyo keki ninayoioka mara nyingi. Unga wa ngano gramu 160 na wa dengu gramu 80, mayai manne, mtindi uliochujwa gramu 200, karanga zilizosagwa laini bila sukari gramu 100, ndizi mbivu tatu, vijiko vikubwa vitano vya sukari, vitatu vya mafuta, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, robo kijiko ya beking soda, chumvi kidogo, iliki ya kutwanga na mdalasini. Mtindi uchujwe kwa kitambaa safi cha pamba, ukining'inizwa kwenye jokofu usiku kucha. Maji yake yakitoka, kinachobaki ni kizito na protini yake imejikusanya. Maji hayo usiyamwage, yanafaa kukandia chapati.

Ndizi ziwe zimeiva hadi ganda lina madoa meusi, kwa sababu utamu wake ndio unaokuruhusu kupunguza sukari. Ziponde kwa uma, kisha piga mayai na sukari mpaka yatoe povu, utie karanga, mtindi, mafuta na ndizi. Mwishoni tia unga uliochanganywa na vikavu vyote, na ukishaona hakuna unga mkavu unaoonekana, acha kukoroga. Liache rojo litulie dakika kumi na tano ili dengu inywe maji, la sivyo keki inakuwa na chenga ulimini. Oka kwa nyuzi 170, dakika 45 hadi 55. Protini na sukari zikikutana na joto hukoza rangi upesi, kwa hiyo keki hii huwa ya kahawia nje kabla ndani haijaiva. Ikifika dakika ya 30 na juu imeshakolea, ifunike kwa karatasi ya foili. Choma kijiti katikati. Kikitoka na chenga chache za unyevu, itoe. Ukingoja kitoke kikavu kabisa umechelewa, kwani mayai yakizidi kuiva hukaza.

Kwa asiye na oveni, sufuria nzito na mkaa wa kupalia vinatosha. Moto wa chini uwe mdogo sana, makaa machache yaliyoanza kushika majivu, na ya juu ya mfuniko yapunguze kidogo kuliko unavyofanya kwa mkate wa mayai wa kawaida. Funua mara moja baada ya nusu saa kuangalia rangi. Mimi nimeoka hivi miaka mingi na bado naona keki ya mkaa inanukia vizuri zaidi.

Sasa hesabu. Ngano 16, dengu 17, mayai 24, mtindi kama 16, karanga 25, ndizi 3. Jumla gramu 101, na ukikata vipande kumi, kila kimoja kina gramu 10 za protini. Sukari uliyoongeza ni gramu 60, yaani 6 kwa kipande. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kwa uchache gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtu wa kilo 60 anahitaji kama 48 kwa siku. Vipande viwili, asubuhi na jioni, vinampa zaidi ya theluthi moja. Kwa mama mkwe wangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila nishati bado ni nyingi, kwa sababu ya karanga na mafuta: kipande kinakaribia kalori 300. Anayepunguza uzito akate vipande vidogo, na asijidanganye kwamba kwa kuwa kuna protini anaweza kula nusu ya keki.

Kuhusu karanga nina neno zito. Fangasi wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hutoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuoka. Inaharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Ndiyo maana mimi sinunui karanga zilizokwisha kusagwa za kupimiwa kutoka ndoo isiyojulikana imetoka wapi. Nanunua nzima, nazimwaga kwenye ungo mwangani na kuchambua moja moja: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyotoboka, zote nje. Baada ya kukaanga, onja. Yenye uchungu kidogo tu, iteme, na kundi ilimotoka lichambuliwe upya. Kazi hii inachosha, lakini unamlisha mtoto, na haina njia ya mkato.

Karanga zikikosekana, ufuta ni mbadala mzuri, na mbegu za alizeti pia. Alizeti ukiisaga na kuioka pamoja na beking soda, ndani ya biskuti panaweza kugeuka kijani kesho yake. Usizitupe. Asidi fulani iliyomo kwenye mbegu inabadilika rangi ikikutana na soda, na haina madhara. Ukitaka isitokee, tia beking pauda badala ya soda, au ongeza kijiko cha maji ya limau. Unga wa soya nao una nguvu, protini yake inapita ile ya dengu, lakini hakikisha ni wa soya zilizokwisha kukaangwa au kupikwa, kwa kuwa soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kuisaga protini yenyewe. Na hata ukiwa umepikwa, usizidi robo ya unga wote, ladha yake haifichiki.

Maharage yaliyochemshwa yakaiva, yakapondwa laini na kutiwa kakao, yanatoa keki nzito nyeusi ambayo wageni wangu hawajawahi kuibaini. Kakao yetu ya Kyela inafaa sana hapo. Maharage yachemke kweli, yatokote, kwani mekundu yakiwa nusu mabichi huumiza tumbo vibaya.

Tena kitafunwa si lazima kiwe kitamu. Rojo lilelile la ngano, dengu, mayai na mtindi, bila ndizi wala sukari, lipe kitunguu, pilipili hoho, mchicha uliokatwakatwa na kukamuliwa, na dagaa wakavu waliooshwa vizuri wakakaangwa na kutwangwa. Oka kwenye vikombe vya keki ndogo. Watoto wangu wanazipenda kuliko za ndizi, na sukari ni sifuri.

Asali huwa naulizwa. Inanukia, naipenda, lakini mwilini inahesabika kama sukari, kwa hiyo iweke kwenye hesabu. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata iliyookwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya sumu hatari ambavyo utumbo wake hauwezi kuvidhibiti. Tende zinapita asali kwa faida kwa sababu zina nyuzinyuzi, ila utamu wake nao ni sukari. Mgonjwa wa figo asiongeze protini kabla hajazungumza na daktari wake, maana wapo wanaotakiwa kuipunguza.

Kuhusu kuhifadhi: keki yenye ndizi na mtindi haivumilii joto letu. Nje ya jokofu ni siku mbili, na wakati wa masika ni moja tu. Ikipoa kabisa, ikate vipande, funga kila kimoja peke yake na ugandishe. Asubuhi unakitoa, kikifika mapumziko ya saa nne shuleni kimeyeyuka na ni laini. Na siku unayopeleka za kugawana darasani au kwenye sherehe ya mtoto wa jirani, oka za ufuta au za maharage, au uwaulize wazazi kwanza. Wapo watoto ambao karanga kidogo tu inawafunga pumzi, na ufuta nao una wanaodhurika, hivyo andika kwenye karatasi juu ya kopo kila ulichotia.