Mshale wa Vipande Viwili: Anza na Kiungo

Kijana mmoja wa Hoima ameniandikia. Amealikwa kuwinda Namibia kwa upinde wa jadi. Upinde wake ni wa nguvu ya kuvuta paundi 50, wa kufunguka vipande vitatu, na unaingia sandukuni bila taabu. Kinachomtesa ni mishale. "Mzee fundi, mishale yangu ni inchi 30 na sanduku langu halifiki urefu huo. Nimeambiwa nitafute boksi la bunduki. Unanishauri nini?"

Nakushauri uikate, kijana wangu. Katikati.

Najua ushauri huo unauma kwa mtu aliyehangaika kupata mawano mazuri, yaani vijiti vya mishale. Inchi 30 ni sentimita 76, na masanduku mengi ya kawaida hayana nafasi hiyo. Ukikata katikati na kuweka kiungo cha kufunga na kufungua, unabaki na vipande vya sentimita 38, vinakaa hata kwa upana wa sanduku, chini ya nguo zako. Boksi la bunduki ni zito, linalipiwa, na kila anayeliona anadhani umebeba bunduki. Mimi sisafiri tena na mshale mzima, hata nikienda Kampala tu. Niliwahi kupakia boksi refu kwenye basi la usiku, jina la kampuni nalisitiri. Kondakta aliapa litakaa juu ya mizigo. Kulipokucha nikalikuta chini ya magunia ya matoke na godoro la mtu, limepinda, manyoya yote yamelala upande mmoja. Manyoya niliyaokoa kwa mvuke wa birika, maana unyoya ukipata mvuke husimama tena. Mawano ya msonobari hayakuokoleka. Kampuni haikunilipa hata shilingi, na kondakta alinicheka.

Kuna jingine lililoniuma zaidi. Nilipoanza kutengeneza mishale hii hapa Mbale, niliipeleka kwa mwenye duka mmoja wa Kampala anayeuza vifaa vya michezo. Hakuigusa. Aliitazama ikiwa juu ya meza, akasema mbele ya wateja kwamba mshale uliokatwa ni kuni, na kwamba sisi watu wa mlimani tubaki na malewa yetu, yale machipukizi ya mianzi tunayokula. Nikakusanya vitu vyangu nikapanda taksi ya kurudi. Neno lile sijalisahau na sioni sababu ya kujifanya nimelisahau. Mwaka huu mteja wangu amerudi kutoka Namibia na podo ileile niliyomfungia. Tandala mkubwa ameanguka kwa mshale wangu, na mishale yote iliyorudi imenyooka kama ilivyoondoka. Nimeizungusha mmoja mmoja kwenye vidole, hakuna unaotetemeka. Nayasema haya kwa fahari, kwa sababu nimeyafanyia kazi.

Tena kukata mshale si jambo la kigeni. Wasan wa Kalahari, jirani na kule anakoelekea huyu kijana, wamekuwa na mishale ya vipande tangu zamani: wano la tete, kiungo kifupi cha mfupa au mti, halafu chembe (kichwa cha mshale) chenye sumu ya viluwiluwi vya mdudu. Ila wao walitaka kiungo kiachie. Mnyama akijisugua kwenye kichaka, wano linadondoka na chembe kinabaki mwilini kikifanya kazi yake. Sisi tunataka kinyume chake, kiungo kisiachie kabisa. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaochomeka tu vipande viwili ndani ya kibomba cha nje. Kile kibomba kikishikwa kwa msuguano peke yake, siku utakapovuta mshale kwenye shabaha utabaki na nusu ya nyuma mkononi. Pia ni kinene kuliko wano. Mshale unapotoka, kinapita kwenye kiti cha upinde, pale mshale unapolala, na kuugonga, na mshale unaruka ovyo. Kwa mtu wa kulenga shabaha za karibu shambani kwake, sawa. Kwa mnyama hai, hapana.

Kiungo changu kiko ndani na kinafungwa kwa hesi, yaani nyuzi za skrubu. Natumia mawano ya alumini ya namba 2018. Tarakimu mbili za kwanza ni unene wa nje kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 20 ni kama milimita 7.9. Mbili za mwisho ni unene wa ukuta kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa upinde wa paundi 50 na mshale wa inchi 30, hilo ni wano la kuanzia. Mianzi na msonobari navipenda sana, na kwa mashindano ya nyumbani bado navitumia, lakini mti hupinda mvua za huku zikianza, kisha hupinda upya ukifika jangwani. (Na mianzi ya Elgon iko ndani ya hifadhi ya taifa. Usiende kuikata bila ruhusa halafu useme fundi wa Mbale ndiye aliyekutuma.)

Sasa kukata. Kikata bomba cha mafundi wa maji usikitumie, kinakunja ukingo kwa ndani na kikombe cha hesi kitakachogandishwa humo hakitaingia. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, 32 kwa inchi, na kibao ulichokichonga mfereji ili wano lisitembee. Msumeno hata ukiwa mzuri hautakupa mwisho ulionyooka, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu kazi. Chukua kipande cha kioo, bandika msasa laini juu yake. Paka rangi ya kalamu ya maka kwenye ukingo wote wa wano, ulisimamishe wima ukiliegemeza kwenye kibao chenye pembe mraba, ulizungushe taratibu juu ya msasa. Geuza utazame. Mara ya kwanza utaona rangi imetoka upande mmoja tu. Upande ule ndio mrefu. Endelea hadi rangi iishe duara zima kwa pamoja. Fanya hivyo kwenye nusu zote mbili, kisha zikutanishe mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya hata kama uzi, rudi kwenye msasa.

Kila nusu inapata kikombe chake cha alumini chenye hesi, vile vile vinavyotumika kufungia chembe. Halafu kipande cha skrubu isiyo na kichwa kinagandishwa moja kwa moja kwenye nusu ya mbele, na nusu ya nyuma inajifunga juu yake. Msikilize fundi hapa: hesi ya vyombo vya mishale ni ya kipimo cha Marekani, 8-32, unene wa milimita 4.17 na nyuzi 32 kwa inchi. Maduka yetu ya vyuma yanauza M4. Ukiishika mkononi utaapa ni ileile. Itaingia mizunguko michache halafu itakwama, na ukilazimisha utakuwa umeua kikombe. Agiza ya 8-32 au mtafute fundi wa mashine akukatie.

Kabla ya gundi, kwaruza ndani ya wano kwa msasa uliozungushia kijiti, safisha kwa spiriti, acha pakauke. Gundi iwe epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika tano sina imani nayo kwa kazi hii. Paka nta ya nyuki kwenye nyuzi za hesi zitakazobaki wazi, ingiza vikombe, na wakati gundi ingali mbichi funga nusu zote mbili pamoja, uulaze mshale juu ya kioo na kuuzungusha. Kiungo kinajinyoosha chenyewe vipande vikiwa vimefungwa, na nta inazuia gundi isije ikaunganisha kisichotakiwa kuunganishwa. Futa iliyovuja. Usiuguse hadi siku ya pili.

Halafu chora mstari mmoja mwembamba unaovuka kiungo, na uandike namba ileile kwenye nusu zote mbili. Nusu ya mbele ya mshale wa tatu ni ya nusu ya nyuma ya mshale wa tatu, basi. Ukizichanganya, ule ukingo ulioutengeneza kwa msasa haukutani na mwenzake. Mstari unakusaidia pia porini: ukiona umeachana, kiungo kimelegea, na unalijua hilo kabla hujavuta upinde.

Manyoya yana kazi kwenye kiungo hiki, jambo ambalo sijasikia likisemwa huku kwetu. Tumia manyoya ya bawa la kulia, uyabandike kwa msokoto wa kulia. Mshale ukiruka utazunguka kufuata saa ukiutazama kwa nyuma. Chembe kinapogonga na kusimama, nusu ya nyuma inataka kuendelea kuzunguka upande uleule, na huo ndio upande wa kukaza hesi. Bawa la kushoto linafanya kinyume, kila pigo linalegeza. Matatu yote yatoke bawa la upande mmoja, na yawe ya batamzinga wa kufugwa. Manyoya ya ndege wa porini yatakuletea maswali mpakani, na korongo wetu aliye kwenye bendera simtaki kwenye mshale wa mtu yeyote.

Uzito sasa. Kiungo changu kinaongeza kama greni 50, yaani gramu 3 na kidogo, na kinakaa katikati kabisa. Mambo mawili yanatokea. Mizani ya mshale inarudi nyuma kidogo, na wano linakuwa gumu zaidi, maana mahali linapojikunja sana wakati wa kutoka ni palepale ulipoweka chuma. Dawa ya yote mawili ni moja: chembe kizito zaidi. Kama ulitumia greni 125, jaribu 145 au 150. Uzito wa mbele unarudisha mizani na unalifanya wano lijikunje tena. Usikate urefu, utazidisha ugumu. Piga mishale isiyo na manyoya kutoka karibu. Ukiwa unatumia mkono wa kulia na nyuma ya mshale imeelekea kushoto, wano bado ni gumu, ongeza chembe. Kwa wano la 2018, mshale wote utafika greni 600 na zaidi kidogo, gramu 39 hivi. Usiogope uzito huo. Mshale mzito kwa upinde wa jadi unapenya, na upinde wako hauumii.

Vijana wa siku hizi mnataka kuagiza kila kitu kikiwa tayari. Mnaniandikia mkiuliza bei kabla hamjauliza namna. Mtu anayekwenda kutoa uhai wa mnyama anatakiwa aijue kila nyuzi ya chombo chake, ajue kimekazwa na nani na lini. Na mnaoniuliza kuhusu kwenda "kujaribu" kando ya hifadhi, jibu langu ni lilelile. Kuwinda Uganda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na upinde ndani ya hifadhi ni ushahidi tosha mkononi mwa askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kuvuka mpaka wa Malaba si njia ya mkato. Nenda kunakoruhusiwa, kwa karatasi, kama huyu wa Hoima. Mishale yangu siwauzii wengine.

Kufunga safari ni kazi nyepesi. Nusu za nyuma zinakaa kwenye bomba la plastiki lenye kipande cha godoro kilichotobolewa, kila moja na tundu lake, manyoya yasigusane. Nusu za mbele zinaviringishwa kwenye kitambaa, bila vyembe. Vyembe viwe kwenye kopo la bati lililofungwa kwa utepe. Vyote viende kwenye mzigo wa chini ya ndege. Entebbe usithubutu kuingia na hata kipande kimoja kwenye mkoba wa mkononi. Weka juu kabisa ya sanduku barua ya mwenyeji wako wa Namibia na nakala ya kibali, ili anayefungua aione kabla ya kuona chuma. Beba pia kijipande cha nta na skrubu moja ya akiba.

Kijana wa Hoima, tengeneza mmoja kwanza, usikate yote. Upige kwa wiki moja, ukague mstari kila baada ya pigo, kisha uupime kwenye mizani ya sonara na uniandikie uzito uliotoka na upande ambao nyuma ya mshale imeelekea. Hapo nitakuambia chembe cha kuagiza.