Mshipa si tyubu

Marahaba mwanangu Zuhura,

Hapa Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Waniuliza: mshipa wa moyo ulishazibuliwa kwa puto kule Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mbona miezi minne sasa bado nameza vidonge vinavyonitia michubuko mikononi, na je, nisiviache? Siviachi, na sababu yake nataka uielewe vizuri.

Mimi fundi baiskeli. Nilipoambiwa puto, nikadhani ni kama tyubu iliyojikunja ndani ya tairi: unajaza upepo, inanyooka, mteja anaondoka. Kumbe hata upepo hawajazi. Wanajaza maji yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, kwa nguvu ya mara 10 hivi ya hewa inayotuzunguka, ndani ya mshipa wenye upana wa milimita 3 hivi, yaani spoki moja na nusu. Nilikuwa macho, natazama skrini. Puto likavimba huku na huku, katikati likabaki na kiuno kama cha nyigu, pale palipoziba. Kifua kikabana, maana damu ilikuwa imezuiwa. Daktari akasema, "Vumilia mzee." Mara kiuno kikaachia, puto likanywea, maumivu yakaisha.

Kile kiuno kilipoachia, mwanangu, ndipo mshipa ulipojeruhiwa. Mafuta yaliyoganda ukutani hayakuyeyuka wala hayakutolewa. Yalipasuka, utando wa ndani ukachanika, ukuta ukatanuka. Na mshipa ni nyama hai, nao hujibu. Kwanza hujivuta kurudi ulivyokuwa. Chembe za kugandisha damu hukimbilia pale palipochanika, kama zifanyavyo kwenye kidonda chochote. Kisha, kwa miezi, seli za misuli ya ukutani huzaana na kujenga kovu, na kovu likinenepa njia husongeka tena. Daktari Andreas Grüntzig alipoanza kazi hii Zürich, Uswisi, mwaka 1977 puto lilikuwa peke yake, na enzi hizo karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu mshipa wake ulisongeka upya ndani ya miezi 6.

Ndiyo maana nami nikawekewa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia ukuta. Zilianza kuwekwa mwaka 1986. Hii yangu imepakwa dawa ya kuzuia kovu, na hapa ndipo lilipo jibu lako: dawa inayochelewesha kovu huchelewesha pia ule utando laini unaopaswa kuufunika wavu. Mpaka ufunikwe, damu inapita juu ya chuma kitupu, na damu ikikuta chuma hutaka kuganda. Bonge likikaa pale, mshipa unaziba kwa ghafla, si polepole kama mwanzo. Aspirini na klopidogreli, vile vidonge vyangu, huzuia damu isigande, ndiyo maana nachubuka; ndizo zinazolinda mlango huo. Daktari amenipangia zote mbili mwaka mzima, kisha nibaki na aspirini.

Kwa hiyo michubuko naikubali. Hata lile gego linalonisumbua nimesema lisubiri, lising'olewe mpaka nizungumze na daktari wa moyo.

Klopidogreli zimebaki 9. Famasi ya hapa Ngamiani wameniambia mzigo wao utafika wiki ijayo, nami sitaki kubahatisha. Ukizipata huko Morogoro, nitumie kwa basi la kesho.

Baba yako